Kuwa prodyuza mkubwa wa hip hop ukiwa Kigoma: inawezekana, au lazima kupanda treni ya Dar?

#1 MwanaGungu
Wakuu, mwakeye.

Nauliza wanaoijua hii kazi. Natengeneza biti za hip hop hapa Kigoma mjini. Mchana niko kibandani Mwanga nawaingizia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu, usiku nafungua FL Studio, programu ya kutengenezea biti. Nina lapitopu ya ramu 4, hedifoni za kawaida na kinanda kidogo cha USB cha vitufe 25. Wasanii wa mtaani wananifuata na biti zangu nazisikia kwenye bodaboda, ila hela haionekani na jina haliendi mbali zaidi ya Mwandiga.

Hoja yangu: kila prodyuza ambaye watu wakitaja hip hop ya Bongo lazima wamtaje, studio yake ilikuwa Dar. P-Funk Majani na Bongo Records, Master J na MJ Records, Mika Mwamba, Duke na M Lab. Hata ndugu zetu wenye asili ya Kigoma waliotikisa kwenye kuimba, Diamond na Ali Kiba, jina lilikolea hukohuko. Sasa kinachombeba prodyuza ni nini? Kipaji, mashine, mji, au watu anaojuana nao? Nikae au niondoke?

#2 Migebuka
Natia nanga hapa, ngoja wenye kazi yao waje.

#3 ReliYaKati
Ondoka. Nakwambia kama mdogo wangu.

Muziki unalipwa palipo na redio, mameneja na wasanii wenye bajeti. Msanii akipata wazo saa tano usiku anamtafuta prodyuza wa umbali wa bajaji, hamtafuti wa mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200. Na usidhani ni Bongo tu. Prodyuza DJ Premier alikulia Texas, lakini jina kalipatia New York baada ya kuhamia huko. Kipaji alikwenda nacho, ila mlango ulikuwa New York.

#4 MzeeSanturi
ReliYaKati, umetaja mmoja aliyehama. Mimi nakutajia aliyepata jina akiwa kwao. Prodyuza J Dilla alikuwa Detroit, na kazi iliyomtambulisha kwa dunia kaifanyia kwenye chumba cha chini cha nyumba ya kwao. Alifariki Februari 2006, na leo ile mashine yake ya kupigia biti, MPC3000, iko kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi kule Washington. Watu walimfuata alipo.

Kijana, swali lako lina kitu kimoja hujakitaja: sikio. Mwaka 1987 ilitoka mashine ya kunasa vipande vya sauti na kupigia biti, inaitwa SP-1200. Uwezo wake wa kuhifadhi sauti ulikuwa kama sekunde 10 tu, kwa biti nzima. Wale vijana walifanyaje? Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika wanaipiga kwa kasi ya 45 ili kipande kiwe kifupi, wanakiingiza kwenye mashine, halafu wanakishusha tena humo ndani. Sauti inatoka nzito, ina ukwaruzo, na ukwaruzo ule ndio hip hop ya New York mnayoililia mpaka leo. Wewe una ramu 4. Wale wangekuona tajiri.

#5 ChumviYaUvinza
Mzee Santuri akianzia 1987 ujue leo hatulali 😂

Shikamoo mzee. Nakazia hoja yako: 9th Wonder naye hakutoka New York, na kwa MPC yake akaingia kwenye albamu ya Jay-Z.

#6 Vitufe25
Chumvi, rekebisha hapo. 9th Wonder ni wa North Carolina, hilo sawa, lakini wakati ule alikuwa anatumia FruityLoops, hiyohiyo FL Studio ya MwanaGungu. Watu walimcheka kwamba ni programu ya kuchezea. Mwaka 2003 akawa ndani ya albamu ya Jay-Z na kicheko kikakatika. Kwa hiyo suala la mashine tulifunge, tujadili mengine.

#7 ReliYaKati
Halifungwi kirahisi hivyo. 9th Wonder alikuwa na Little Brother, kundi zima la marapa makini linalotoa kazi juu ya biti zake. MwanaGungu ana nani?

#8 BintiKatubuka
Ananiacha mimi hapa? 😄

Mimi narap, na nimerekodi studio kadhaa hapa mjini. Nitasema ninachokiona upande wangu wa maiki. Wavulana wengi wana biti, maprodyuza ni wachache. Unafika, anafungua folda, anapiga biti ishirini, "chagua". Ukichagua, anabonyeza rekodi anarudi kwenye simu yake. Ukikosea pumzi, "poa, inatosha". Biti imejaa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, vinanda vitatu, filimbi, kelele za kuchangamsha, mimi nipite wapi?

Nilipata mmoja tu aliyekuwa tofauti, huko Buzebazeba. Chumba kidogo, bati juu, mvua ikianza lazima msimame msubiri. Siku hiyo tulisubiri sana. Akatumia muda ule kuniuliza ubeti wa pili unamzungumzia nani. Nikamwambia ni mama yangu anayeanika dagaa Kibirizi. Mvua ilipokata akaondoa kinanda chote kwenye ubeti ule, akaacha besi na sneya, ile ngoma ya mlio mkali, akaniambia, "Sema polepole, kama anakusikiliza." Wimbo ule watu wa hapa wanaujua mpaka leo. Biti yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kwangu mimi mafanikio ya prodyuza yanaanzia hapo, kujua nini cha kuondoa na kumsikiliza mtu.

#9 Migebuka
Dada umeua. Huyo prodyuza yuko wapi sasa?

#10 BintiKatubuka
Kaacha. Anaendesha bajaji. Ndiyo maana swali la hela la mwanzisha uzi lisirukwe.

#11 FundiSpika
Naongea na MwanaGungu kiufundi, maana mengine ni siasa.

Biti zako nimezisikia kwenye boda, na tatizo lake nalijua, maana ni la vijana wengi. Besi ya 808, ule mlio mzito wa chini kwenye biti, mnaiweka inaguruma kwenye hezi 40. Kwenye hedifoni iko, kwenye simu ya mteja haipo, kwa sababu kispika cha simu hakiwezi kushuka huko. Fanya hivi. Nakili traki ya 808. Ile nakala ikwaruze kidogo kwa plagini ya distoshani (kiprogramu cha kukwaruza sauti), kata kila kitu chini ya hezi 150, halafu ichanganye taratibu na ya asili. Sikio likipata ile milio ya juu ya noti, linaijazia yenyewe ya chini. Mtu wa simu ya elfu arobaini ataisikia besi.

Halafu 808 ni noti, siyo kishindo. Ilingane na ufunguo wa wimbo, la sivyo rapa ataonekana anatoka nje ya tyuni wakati kosa ni lako. Kiki, ile ngoma kubwa ya kishindo, inapogonga, 808 iipishe: ishushe kidogo kwa ule muda mfupi, vinginevyo zinagombana na unabaki na tope. Na usiisukume mpaka mstari mwekundu ukitegemea masta, ile hatua ya mwisho ya kusawazisha wimbo mzima, itaokoa. Acha desibeli kama 6 za nafasi kabla ya masta.

Na yale magodoro ukutani hayazuii sauti kutoka nje. Yanapunguza mwangwi wa sauti za juu tu, besi inabaki imejazana kwenye kona za chumba. Ndiyo maana miksi ikitoka hapo inakuwa nyembamba, maana chumba kilikudanganya kwamba besi ipo ya kutosha.

#12 MwanaGungu
FundiSpika asante sana, ya hezi 150 naijaribu usiku huu. Lakini mkuu, umeme.

#13 Migebuka
Umeme hata usiseme. Mkoa umeingia gridi ya taifa 2022, zamani tulikuwa tunakula jenereta za dizeli. Bado ukikatika katikati ya kurekodi roho inauma. Tafuta betri ya akiba, na weka programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache.

#14 MiembeYaTabora
Watu wa Kigoma mnalialia umeme na mna hazina mmeikalia. Muziki wa zamani! Hip hop ni kukata sampuli, vipande vya nyimbo za watu. Sisi Tabora tulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Nyie mna nini cha kukata? Sauti ya meli ya MV Liemba? 😂

#15 MzeeSanturi
Kijana wa Tabora, Shem Karenga unayejivunia kwenye Tabora Jazz alianzia gitaa lake hapa Kigoma, na Lake Tanganyika Jazz. Mlimpokea akiwa ameiva.

Ila hoja yako ni nzuri. Gitaa za bendi zile zina sehemu inapoachwa sauti moja peke yake, kabla tarumbeta hazijaingia. Kata hapo, shusha noti, weka ngoma ya mapigo 88 kwa dakika. Hakuna mtoto wa Atlanta mwenye sauti hiyo. Unayo wewe.

#16 HakiYaMtunzi
Subirini kwanza kabla hamjakata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Juu ya hapo, rekodi yenyewe ina haki zake tofauti na utunzi. Kwa hiyo "ni wimbo wa zamani" siyo ruhusa. Ukiutumia kwa mazoezi nyumbani, sawa. Ukiutoa ukaanza kuingiza hela, ruhusa inatakiwa.

Na kwa sababu tumefika kwenye sheria, hela ya prodyuza inapotelea hapahapa. Vijana wanauza biti elfu hamsini, bila karatasi, halafu wimbo ukipaa wanaanza kulia. Karatasi moja inatosha: nani ametunga mashairi, nani ametunga muziki, kila mmoja asilimia ngapi, rekodi ni ya nani, jina la prodyuza litaandikwaje. Saini mbili, shahidi mmoja. Haki inakuwepo tangu kazi inapoundwa, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.

#17 ChumviYaUvinza
Huu ndio ukweli wenyewe. Mimi nilituma biti kwa studio moja mjini Dar, siitaji jina, wakasema "tutakupigia". Nikaja kuisikia redioni, ngoma zilezile, hata ile sneya niliyorekodi kwa kupiga kasia kwenye mtumbwi. Nilipopiga simu hawakupokea. Sina karatasi, nafungua kesi na nini?

#18 ReliYaKati
Pole Chumvi. Lakini unaona? Ungekuwa Dar ungegonga mlango. Walikuibia kwa sababu uko mbali.

#19 HakiYaMtunzi
Hapana ReliYaKati. Kaibiwa kwa sababu alituma biti nzima ya ubora wa juu bila alama ya sauti juu yake. Waliopo Dar nao wanaibiwa kila leo. Tuma biti yenye sauti yako inayopita kila baada ya sekunde kadhaa, ya ubora wa chini. Traki zilizotenganishwa unatoa baada ya malipo na saini. Na lile faili la mradi lenye tarehe lihifadhi sehemu mbili.

#20 Vitufe25
Mmesahau intaneti nyie. Siku hizi unapandisha biti mtandaoni, mtu wa Nairobi au Ujerumani anakodi kwa leseni, wewe umekaa Gungu. Ukikodisha biti moja kwa watu kumi bado ni yako. Ukiuza jumla ndiyo imekwenda. Mji haubebi mtu tena.

#21 ReliYaKati
Vitufe25, kwenye mtandao unashindana na dunia nzima, biti zinapandishwa kila dakika. Na hata prodyuza Metro Boomin wa FL Studio hiyohiyo, alianza kuwapata wasanii mtandaoni akiwa bado shule St. Louis, lakini mama yake alikuwa anamwendesha gari mpaka Atlanta wikiendi akarekodi nao, masaa na masaa barabarani. Mtandao ulimpa namba za simu, ila kazi alipata kwa kukaa nao chumba kimoja.

#22 BintiKatubuka
Huo mfano wako unasema aende na arudi, hausemi ahame 🙂

#23 ReliYaKati
Alihamia Atlanta baadaye dada yangu.

#24 Vitufe25
Baada ya kuwa na wasanii tayari! Ndicho tunachosema.

#25 HeruJuu
Niko Kasulu. Naona mnazunguka Marekani na Dar, ngoja niwarudishe nyumbani. Ngoma zetu za Buha, na za Warundi waliokimbilia makambini Nyarugusu na Nduta, nyingi unazihesabu tatutatu. Zile MPC alizobuni Roger Linn, kuanzia MPC60 ya 1988, zilikuwa na kitufe cha kuyumbisha mapigo: asilimia 50 ni mapigo yaliyonyooka, ukifika 66 tayari uko kwenye tatutatu. Wamarekani wanahangaika katikati pale, 54, 58, kutafuta mwendo. Sisi tumezaliwa nao. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma zile akiweka haihati, vile visahani vya kuhesabu mapigo, kwa kidole, bila kuzinyoosha kwa kompyuta, anakuwa na mwendo ambao haununuliki.

Arusha walishaonyesha. Kundi la X Plastaz waliweka sauti ya Kimasai kwenye rap yao na wakaipeleka Ulaya. Hawakujifanya watu wa Bronx kule New York.

#26 Migebuka
Hii sasa ndiyo mada. Dilla mwenyewe si alikuwa anazima ile ya kunyoosha, anapiga kwa mkono tu?

#27 MzeeSanturi
Ndivyo watu wanavyosimulia, lakini si kupiga ovyo. Alikuwa anasogeza mlio mmoja mmoja kwa makusudi ndani ya mashine. Sneya inawahi kidogo, nyingine zinakaa mahali pake au zinachelewa. Ukisikiliza unahisi mlevi anatembea lakini haanguki. Ni hesabu ile.

HeruJuu, nakubaliana nawe nusu. Siyo ngoma zote za huku ni tatutatu, na siyo kila aliyezaliwa Buha ana mwendo huo. Nawajua wa Ujiji waliokulia kwenye taarabu na dansi la Kongo, mkono wao uko kwingine kabisa. Na wao ni Kigoma pia.

#28 FundiSpika
Na ukirekodi ngoma za asili, usiweke maiki mbele ya ngozi kwa karibu. Ngoma ile inahitaji nafasi. Rudi hatua kadhaa, kiwango kiwe chini, piga jaribio kwa mapigo makubwa kuliko yote. Ukirekodi sauti iliyopasuka hakuna plagini itakayoiponya. Nje, jioni upepo wa ziwa ukitulia, ni bora kuliko chumba kidogo.

#29 MwanaGungu
HeruJuu, nikija Kasulu na rekoda ndogo nitapata wapiga ngoma? Na niwalipe vipi? Nauliza kwa sababu hii ya HakiYaMtunzi imenikaa kichwani.

#30 HeruJuu
Utawapata. Njoo na mtu anayejulikana, usije na rekoda mkononi kama mwandishi wa habari. Wengi wataomba posho ya siku na chakula, yataisha.

#31 HakiYaMtunzi
Yasiishe hapo. Wapigaji ni wasanii watendaji, sheria ileile inawatambua, ndiyo hakishiriki yenyewe. Posho ya siku ni ya kupiga siku ile. Kama sauti yao itakaa kwenye biti utakazokodisha miaka na miaka, waandikie asilimia, hata ndogo, na uwataje kwa majina.

#32 HeruJuu
Mkuu, ukimletea mzee wa ngoma karatasi ya asilimia ataona unataka kumtapeli. Mpe chake mkononi, akuamini, siku nyingine akuite mwenyewe.

#33 ChumviYaUvinza
Na mimi niliyeibiwa kasia langu nasema mpe vyote viwili. Posho leo, karatasi leo, msomeeni kwa Kiha mbele ya mwanae.

#34 ReliYaKati
Mmeandika mazuri. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema huyu kijana atakula nini mwaka wa kwanza akikaa Gungu anarekodi ngoma. Yule wa bajaji wa Buzebazeba alikuwa na sikio, BintiKatubuka kasema mwenyewe. Sikio halikumlisha.

#35 BintiKatubuka
Hakulishwa kwa sababu sisi wasanii tulikuwa tunamlipa soda na shukrani, mimi nikiwemo. Studio ya Dar isiyolipwa nayo inafungwa. Tuanze kulipana hapahapa.

MwanaGungu, ile biti yako ya mapigo 88 unayoipiga kibandani naitaka. Punguza kinanda ubeti wa pili. Taja bei na ulete na hiyo karatasi.

#36 MwanaGungu
Nimekutumia ujumbe. Bei nimeandika humo, asilimia nimeacha wazi tujadiliane.

#37 MiembeYaTabora
Dada usisaini kabla ya kusikia za Tabora. Nina biti tatu za gitaa, na gitaa kapiga binamu yangu mwenyewe, siyo sampuli, kwa hiyo HakiYaMtunzi alale.

#38 HakiYaMtunzi
Binamu kasaini?